Tairi pana, fenda finyu: namna ya kukunja pindo la bati bila kupasua rangi

Dalili ya kwanza huwa ni harufu. Asubuhi dereva huendesha akiwa peke yake, na gari lenye rimu mpya za inchi 18 halilalamiki. Jioni hupanda watu wanne, magunia mawili huwekwa nyuma, na gari linapovuka tuta la kwanza husikika mkwaruzo mfupi upande wa kiti cha nyuma. Kisha harufu ya mpira ulioungua huingia dirishani. Akishuka kutazama, dereva hukuta mstari mweusi uliochongwa begani mwa tairi, na juu yake, ndani ya fenda, ukingo wa bati unaong'aa kwa kusuguliwa.

Hali hiyo inafahamika vyema kwa mafundi wa Kampala, Kigali, Bujumbura na Goma. Magari mengi yanayotembea katika miji hiyo ni yale yaliyotumika ng'ambo na kuingizwa kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam, na pamoja nayo huja rimu na vipuri vya kila aina vinavyouzwa katika masoko kama Kisekka mjini Kampala. Mwenye gari huchagua rimu kwa macho: ipendeze, ijaze nafasi iliyo chini ya fenda, ilipe gari umbo la kiume. Swali la iwapo tairi litapata nafasi ya kupanda na kushuka huulizwa baadaye, na mara nyingi jibu la haraka linalotolewa na gereji ni nyundo, au kipande cha bomba kinachopachikwa kati ya tairi na fenda huku gari likisukumwa mbele na nyuma. Nchini Marekani vijana walizoea kufanya jambo hilohilo kwa gongo la mchezo wa besiboli. Matokeo yake hayatofautiani: bati linakunjika, lakini rangi inapasuka, na uso wa nje wa fenda unabaki na mawimbi.

Kazi hiyo inaweza kufanywa bila madhara hayo. Inahitaji joto la kiasi, subira, na kabla ya yote, kipimo.

Pindo lina kazi gani?

Anayepitisha kidole chini ya tao la gurudumu, akianzia upande wa mlango kuelekea nyuma, atahisi kwamba bati haliishii hapo linapoonekana kuishia. Limegeuzwa kuelekea ndani, kwa pembe inayokaribia nyuzi 90, na kufanya ukingo wenye upana wa sentimita moja hadi mbili. Ukingo huo ni kama pindo la kanzu: huficha makali na huipa nguvu sehemu ambayo ingeyumba. Bati la mwili wa gari dogo lina unene wa takriban milimita 0.7 au 0.8 tu, na tao refu la bati jembamba hivyo lisingeweza kushika umbo lake bila kukunjwa.

Fenda za mbele na za nyuma hazifanani, ijapokuwa kwa mtazamaji ni jozi. Fenda ya mbele, kwa magari mengi, ni bati moja lililofungwa kwa bolti. Likiharibika linafunguliwa na kuwekwa jingine. Ya nyuma ni sehemu ya mwili wenyewe. Pale kwenye pindo, bati la nje hukutana na bati la ndani linalofunika gurudumu, na mabati hayo mawili huungwa kwa weldi za nukta na kuzibwa kwa gundi maalumu isiyopitisha maji. Kwa hiyo anayegusa pindo la nyuma anagusa kiungo cha gari, na ndiyo sababu kosa la nyuma hugharimu zaidi kuliko la mbele.

Wapo mafundi wanaoona njia ya mkato: kulikata pindo lote kwa grainda. Kwa siku chache za mwanzo kazi huonekana safi. Lakini weldi zilizoshika mabati mawili zimeondoka pamoja na kipande kilichokatwa, mwanya umefunguka kati ya bati la nje na la ndani, na kila mvua inayonyesha hurusha maji na matope moja kwa moja ndani ya mwanya huo. Juu ya hayo, makali ya bati lililokatwa ni kisu. Tairi likiyagusa, halitachongwa polepole kama awali, litapasuliwa ubavuni. Tairi la nyuma linalopasuka ghafla katika gari lililojaa abiria, likiwa kwenye mwendo wa barabara kuu, huyumbisha mkia wa gari kwa namna ambayo madereva wachache huweza kuidhibiti. Kukata pindo la nyuma bila kuunganisha upya mabati kwa weldi ni jambo la kukataa, hata kama fundi anatoa punguzo.

Hesabu kabla ya nyundo

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba rimu kubwa si lazima iwe na maana ya gurudumu kubwa. Maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi yanatosha kulithibitisha hilo. Tairi la 205/55R16, ukubwa uliozoeleka kwa magari ya kadiri ya Toyota Corolla, lina upana wa milimita 205. Ubavu wake ni asilimia 55 ya upana huo, yaani milimita 112.75, na rimu yake ni inchi 16, sawa na milimita 406.4. Ubavu wa juu na wa chini ukijumlishwa na rimu, kipenyo chote huwa takriban milimita 632. Sasa lichukuliwe tairi la 225/40R18. Ubavu wake ni milimita 90, rimu yake ni milimita 457.2, na kipenyo chote ni milimita 637. Rimu imekua kwa inchi mbili nzima, ilhali gurudumu limekua kwa milimita tano tu. Tofauti hiyo haifiki hata asilimia moja.

Mambo hubadilika anaponunua 245/40R18 kwa sababu tu ndiyo iliyokuwa imewekwa juu ya rimu sokoni. Hapo kipenyo hufika milimita 653, ongezeko la zaidi ya asilimia 3. Tairi limepanda kuelekea juu ya tao kwa sentimita moja, na mshale wa mwendo nao hudanganya: kwenye usomaji uleule wa kilomita 100 kwa saa, gari sasa huenda kasi kwa takriban kilomita tatu zaidi ya lilivyokwenda kwa matairi ya awali.

Hata hivyo kinacholeta mgogoro na pindo mara nyingi si urefu wa gurudumu. Ni kiasi gani gurudumu limetoka nje. Namba inayoamua hilo imechongwa au kupigwa mhuri kwenye rimu yenyewe, ikitanguliwa na herufi ET, na mafundi huiita ofseti. Ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso unaokaa kwenye habu. Namba ikiwa kubwa, rimu huingia ndani. Ikiwa ndogo, hutoka nje. Mfano ni huu: gari lilikuwa na rimu ya upana wa inchi 6.5 yenye ET45, na mwenyewe anataka ya inchi 8 yenye ET30. Upana umeongezeka kwa inchi moja na nusu, sawa na milimita 38, na nusu yake, milimita 19, inaelekea nje. Ofseti imepungua kwa 15. Jumla, ukingo wa nje wa rimu umesogea milimita 34 kuelekea kwenye fenda. Kukunja pindo kwa kawaida humpa mtu nafasi ya sentimita moja hivi. Hakuna joto wala ustadi utakaofidia zile milimita 24 zilizobaki, na anayeahidi hivyo anamaanisha kuivuta fenda nzima kuelekea nje, kazi nyingine kabisa ambayo rangi hainusuriki nayo kwa urahisi.

Kwa mantiki hiyohiyo, rimu ya ET40 au ET45 badala ya ET30 huenda ikamaliza tatizo lote kabla ya bati lolote kuguswa. Vilevile, aliyeweka spesa kati ya habu na rimu ili magurudumu yatokeze anaweza kuziondoa. Na aliyekata springi ili gari likae chini hana sababu ya kulaumu fenda.

Kipimo cha mwisho ni cha vitendo. Mafundi makini hupaka chaki au udongo laini kwenye pindo, hupakia gari mzigo wake wa kawaida, kisha huliendesha polepole juu ya tuta na kwenye kona huku usukani ukikatwa hadi mwisho pande zote mbili. Alama zikifutika kwenye pindo, jibu limepatikana. Zikifutika ndani zaidi, kwenye plastiki ya ndani ya tao au karibu na shokapu, kukunja pindo hakutasaidia lolote. Ikumbukwe pia kwamba matairi mawili yenye namba ileile kutoka viwanda viwili yanaweza kutofautiana kwa milimita kadhaa, basi alichokipima jirani kwenye gari lake si ushahidi.

Kwa nini rangi hupasuka?

Rangi ya gari ni tabaka kadhaa zilizolaliana: ya chini ya kuzuia kutu, ya kushikia, ya rangi yenyewe, na juu yake vanishi inayong'aa. Zote kwa pamoja, zikiwa za kiwandani, kwa kawaida hazizidi mikroni 80 hadi 150, yaani karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Bati linapokunjwa, upande wa ndani wa mkunjo hubanwa na wa nje hunyooshwa. Kadiri mkunjo unavyokuwa mkali, ndivyo ngozi ya nje inavyolazimika kurefuka katika nafasi ndogo. Chuma hukubali kunyooka hivyo bila kukatika. Rangi iliyo baridi haikubali.

Rangi hizi zimetengenezwa kwa kemikali za jamii ya plastiki, na hufuata tabia ya plastiki: zikiwa baridi hukakamaa kama kioo, zikipashwa moto hulegea na kuvutika. Beseni la plastiki lililoachwa nje usiku wa baridi hupasuka likiangushwa. Lililokaa juani hupinda tu. Ndiyo maana kazi iliyofanywa asubuhi katika Kabale, mji ulio kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, huweza kuharibika ilhali fundi yuleyule angefaulu saa nane mchana. Lakini jua peke yake si kipimo cha kutegemea. Joto linalofaa ni karibu nyuzi 60 za Selsiasi kwenye uso wa bati, na joto hilo linatakiwa kudumishwa muda wote wa kukunja, si kufikiwa mara moja na kusahauliwa.

Kwa rangi ya kiwandani, nyuzi 60 si jambo la kutisha, kwa sababu rangi hiyo iliokwa katika tanuri kwa takriban nyuzi 140. Rangi ya gereji ni hadithi nyingine. Nyingi hukaushwa kwa joto la chini zaidi au kwa hewa tu, na chini yake mara nyingi kuna fila, ule uji mzito wa kujazia mabonde ambao ukiganda hupigwa msasa na kufichwa kwa rangi. Fila haikunjiki. Iwe baridi au moto, itavunjika na kudondoka kwa vipande, ikichukua rangi pamoja nayo.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji wa gari lililotumika, kama liliwahi kugongwa nyuma, linarudi hapa likiwa na uzito mpya. Jibu halipatikani kwa maneno. Kifaa kidogo cha kupima unene wa rangi hutoa namba mara moja: usomaji wa mikroni 300 na kuendelea huashiria kwamba eneo limepakwa upya, na usomaji unaokaribia mikroni 1,000, yaani milimita nzima, karibu kila mara humaanisha fila. Asiye na kifaa hicho anaweza kutumia sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa chembamba. Ikishika vizuri mlangoni na kulegea juu ya tao, kuna kitu kati ya sumaku na chuma. Tahadhari moja: baadhi ya magari yana fenda za mbele za plastiki au aluminiamu, ambazo sumaku haizishiki kabisa. Fenda ya plastiki haina pindo la kukunja, na ya aluminiamu hupasuka kwa urahisi zaidi kuliko chuma. Zote mbili ni za kuachwa kama zilivyo.

Penye fila au kutu tayari, uamuzi wa busara ni kuahirisha, au kukubali tangu mwanzo kwamba fenda itapakwa rangi upya na kupanga fedha za kazi hiyo.

Kazi yenyewe

Kifaa kinachotumika ni rahisi kueleweka. Ni mkono wa chuma unaofungwa kwenye habu kwa nati zilezile za gurudumu, na mwishoni mwake kuna kigurudumu cha plastiki ngumu. Urefu wa mkono hurekebishwa ili kigurudumu kifikie pindo, na pembe yake hurekebishwa kwa skrubu. Fundi akiusukuma mkono kulia na kushoto, kigurudumu huzunguka kwa kufuata tao na kulikandamiza pindo sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo kinapokishinda kipande cha bomba: nguvu haijikusanyi mahali pamoja. Gereji nyingi hazinacho, lakini fundi wa weldi aliyekiona mara moja anaweza kukiunda, mradi kigurudumu chenyewe kisiwe cha chuma kitupu.

Gari huinuliwa kwa jeki na kukalishwa juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi kwa kazi ambayo mtu atakaa akisukuma kwa nguvu kando ya gari. Gurudumu likishaondolewa, saa nzima inayofuata ni ya usafi, na hiyo ndiyo saa ambayo gereji zenye haraka huiruka. Nyuma ya pindo hukusanyika mchanga, matope makavu na changarawe za miaka. Kokoto moja iliyobanwa kati ya kigurudumu na bati itachora mfereji hadi kwenye chuma, na matope yatakayofungiwa ndani ya mkunjo yatashika unyevu kwa miezi. Pindo huoshwa kwa maji ya sabuni, husuguliwa kwa brashi, hukaushwa, na kutazamwa kwa tochi. Ukanda wa mpira, vibano vya plastiki ya ndani na skrubu zinazoshikilia pembe za bampa kwenye tao huondolewa kwanza, la sivyo zitavunjika. Gundi ya zamani iliyokauka kwenye kiungo cha nyuma hukwanguliwa pale inapozuia mkunjo. Fundi hutazama pia nyuma ya bati: upande mmoja wa gari kuna bomba la kujazia mafuta, na mashine ya joto haipaswi kuelekezwa huko bila uangalifu.

Jambo jingine lisilofikiriwa na wengi ni kimo cha habu. Gari likiwa juu ya stendi, habu huning'inia chini kuliko inavyokaa barabarani, na duara linalochorwa na mkono wa kifaa halilingani tena na duara la tao. Jeki ya pili huwekwa chini ya mkono wa springi na kuinua habu hadi karibu na kimo chake cha kawaida.

Kisha huja joto. Mashine ya kupuliza hewa ya moto hushikwa umbali wa kiganja hivi kutoka kwenye bati na kutembezwa bila kusimama, ndani na nje ya pindo, kwa kipande cha nafasi ya sentimita 30 kila mara. Ikisimama mahali pamoja, vanishi hutokwa na malengelenge katika muda mfupi sana. Kipimajoto cha kuelekezea kwa mbali ni msaada mkubwa. Vile vilivyotumika kupimia watu joto la paji la uso wakati wa janga la UVIKO-19 mara nyingi havifai, kwa kuwa viliundwa kusoma joto la mwili wa binadamu tu. Kinachohitajika ni kile cha kazi za gereji. Asiye nacho hutumia mkono: bati linapokuwa na moto usiovumilika kwa kiganja zaidi ya sekunde chache, limekaribia kiwango.

Kigurudumu huanza kikiwa kimegusa pindo kidogo tu, kwa pembe ya takriban nyuzi 45. Husukumwa taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine mara kadhaa, kisha mkono hurefushwa kwa mzunguko mdogo wa skrubu, bati hupashwa tena, na mwendo unarudiwa. Tao moja huweza kuchukua saa moja au mbili. Anayetaka kulimaliza kwa dakika 15 atalimaliza, na nyufa zitakuwa shahidi wake. Kila baada ya mizunguko michache fundi husimama kando na kutazama mwakisiko wa mwanga kwenye uso wa nje wa fenda. Mstari wa mwanga ukibaki umenyooka, mambo ni shwari. Ukianza kupinda juu ya tao, maana yake kigurudumu kimeacha kukunja pindo na kimeanza kuisukuma fenda yenyewe nje; hapo mkono hufupishwa mara moja.

Kosa la mwisho hufanywa na wale wanaopenda ukamilifu. Wakiona pindo limelala karibu kabisa, huongeza nguvu ili ligandane na bati la nje. Mkunjo usio na nafasi ndani yake ndio mkali kuliko yote, na ndio unaopasua rangi iliyonusurika kwa saa nzima. Kubakiza nafasi ya milimita mbili au tatu hakupunguzi faida kwa kiasi kinachoonekana, na huacha mahali pa kupitisha gundi mpya ya kuzibia. Wakati mwingine inatosha kulikunja pindo sehemu ya juu ya tao pekee, kati ya mahali ambapo saa ingesoma saa nne na saa nane ikiwa tao ni uso wake, kwani huko ndiko chaki ilikofutika.

Utepe wa karatasi unaobandikwa kando ya ukingo wa nje hukinga dhidi ya mikwaruzo. Hauzuii ufa, ingawa wapo wanaouamini hivyo, na ubaya wake ni kwamba huficha ufa unapoanza.

Kutu haisubiri

Bati likishapoa, tochi hurudi kazini. Nyufa za kukunja ni nyembamba kama nywele na hukimbia sambamba na ukingo. Nyingine huonekana tu ukucha unapopitishwa juu yake. Hata zile za upande wa ndani, ambazo hakuna mnunuzi atakayeziona, ni njia ya maji. Hata mipako ya zinki, ambayo watengenezaji wengi huiweka juu ya chuma ili kuchelewesha kutu, huweza kupasuka kwenye mkunjo mkali.

Dawa yake si ghali ikifanywa siku hiyohiyo. Nyufa hupigwa msasa laini hadi rangi iliyolegea itoke, hufutwa kwa kiyeyushi ili mafuta yaondoke, hupakwa praima ya epoksi au yenye zinki, na ikikauka hufuatiwa na rangi. Kwenye fenda za nyuma, kiungo kizima cha mabati mawili huzibwa upya kwa gundi ya maungio ya gari, hata kama ile ya zamani yaonekana nzima, kwa sababu mkunjo huiachanisha na bati pasipo macho kuona. Silikoni ya madirisha ya nyumba si mbadala. Baadhi yake hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hukaribisha kutu ileile inayokimbiwa. Mwisho, nta au grisi nzito hupakwa ndani ya mkunjo.

Inafaa pia kukumbuka kwamba gari lililobadilishwa huonwa na macho mengine zaidi ya ya mwenyewe. Nchini Rwanda, ambako polisi huendesha ukaguzi wa kiufundi wa magari, tairi linalotokeza nje ya fenda au lililochongwa ubavuni ni jambo linaloonekana bila kuvua gurudumu. Kampuni ya bima nayo ni vyema iulizwe kabla, wala si baada ya ajali. Na ubavu mfupi wa milimita 90, badala ya 112, ni mto mwembamba zaidi kati ya rimu na shimo la barabarani. Pindo lililokunjwa kwa ufundi halibadilishi hilo.

Baada ya kilomita 100 hivi nati za magurudumu hukazwa tena kwa spana, kama inavyofanyika kila rimu inapovuliwa, na chaki hupakwa upya kwenye pindo kwa safari moja yenye mzigo kamili. Ukaguzi unaofuata ni mwishoni mwa msimu wa kwanza wa mvua. Gurudumu huvuliwa, pindo huoshwa, na macho hutafuta mstari mwembamba wa kahawia unaochungulia kati ya gundi na bati. Ukionekana wakati huo, bado ni kazi ya msasa na brashi ya rangi kwa alasiri moja.